Nguo za Kupokelea

Kwenye stendi ya malori, nyuma ya kituo cha mafuta, kuna dereva mmoja ambaye gari lake halina honi. Si kwamba imeharibika. Aliing'oa mwenyewe, akakata nyaya kwa koleo, na pale kwenye usukani palipokuwa na kitufe akabandika kipande cha mpira wa tairi. Akitaka mtu ampishe, anateremsha kioo, anatoa mkono nje na kuupigapiga mlango kwa kiganja. Trafiki wameshamwandikia faini mpaka wamechoka. Mafundi wamejitolea kumfungia nyingine bure, maana honi si kitu cha kumtoa fundi jasho. Yeye anashukuru, anakataa, anaendelea na safari zake za saruji na mbao.

Vijana wa stendi wanamwita Bubu. Jina limemkaa, naye analiitikia bila kinyongo. Lakini waliompa jina hilo wamekuja juzi tu. Wakongwe wa pale wanajua kwamba kabla ya kuwa Bubu aliitwa Tarumbeta, na kwamba barabara nzima ya mlimani haikuwa na gari lenye mdomo kama wa lori lake. Vijana wakianza kumtania, wakongwe hao hutazama pembeni au huulizia bei ya dizeli.

Na tumwite Tarumbeta, kwa kuwa habari hii ni ya siku zile.

Alizaliwa katika kijiji cha juu kabisa mlimani, mahali ambapo barabara hufika ikakata tamaa na kugeuka njia ya mbuzi. Baba yake alifariki mapema. Mama yake akamlea kwa viazi na kwa ulimi, na ulimi ule haukuwa wa mchezo: mtu akikosea leo, kesho kijiji kizima kinacheka. Kijana aliposhuka mjini kuwa mpakiaji, mama alimsindikiza hadi kwenye kijito akamwambia, "Nenda, baba. Ila usije ukarudi huku unaongea kama redio." Alipakia mizigo, akawa utingo, akajifunza kuendesha wakati mwenye gari amelala, mwisho akapata leseni. Akaoa mshona mapazia, mwanamke wa maneno machache ambaye hakuwahi kumwuliza kitu mara mbili.

Kampuni ya utalii ilipotafuta dereva anayeijua milima, ilimpata yeye. Alikuwa na sababu ya kufurahi. Mshahara ulikuja kwa wakati, na kazi ilimpeleka kwa mama yake bila nauli. Lori alilopewa lilikuwa zee, lakini imara. Kwa fundi mmoja wa magari mabovu alikuta honi ya basi iliyotoa sauti tatu zikifuatana, ya chini, ya kati na ya juu, akaifunga. Mara ya kwanza alipoipiga mlimani, mama yake aliuliza ni nani aliyekanyaga ng'ombe. Jina la Tarumbeta lilianzia hapo.

Kampuni ilikuwa ikipandisha wageni kutazama bonde, maua na ndege. Baadaye iligundua kwamba wageni wanapenda pia kutazama watu, na wanawatazama kwa raha zaidi wakiwa wanawapa kitu. Ndipo ikaanzishwa Siku ya Kutoa, katikati ya ziara, baada ya kupanda kilima na kabla ya chakula cha mchana. Tusiseme ubaya wa bure: blanketi zilikuwa blanketi kweli, nzito, na baridi ya kule haina utani. Makoti, viatu, sufuria, taa za jua, vyote vilikuwa vitu vya maana. Lori la Tarumbeta lilitangulia na mzigo, magari madogo ya wageni yakafuata nyuma yakila vumbi lake.

Siku za mwanzo honi ilikuwa na maana moja tu: shukeni. Tarumbeta akifika kona ya mwisho, chini kidogo ya kijiji, aliikandamiza, na watu wote waliacha walichokuwa wakifanya wakateremka mpaka barabarani. Walikuja wamependeza. Nani anapokea mgeni akiwa na matambara? Waliooga walioga tena, na aliyekuwa na koti alivaa koti hata kama jua linawaka.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo. Kampuni ilikuwa na binti mmoja aliyeshughulikia misaada na picha, na watu walimwita Dada wa Picha. Alikuwa na huruma ya kweli, wa kudondosha machozi akimwona mtoto pekupeku. Taabu ni kwamba alidondosha machozi huku kamera iko jichoni. Siku moja mgeni alimvuta kando akamwuliza kama hawa ndio maskini wenyewe, kwa sababu yule bibi pale mbele alikuwa na koti zuri kuliko la kwake. Bibi huyo alikuwa mama yake Tarumbeta, na koti, la kijivu lenye vifungo vikubwa, lilikuwa la msaada wa mwaka uliopita.

"Kaka Tarumbeta," Dada wa Picha alimwambia walipokuwa wakirudi, "wewe ni wa kwao, wewe watakusikiliza. Waambie wakisikia honi wasishuke tena. Kila mtu aende kwake, avae nguo zake za kawaida, akae mlangoni. Wageni watapita nyumba kwa nyumba. Fujo itaisha, na watu watakuwa na heshima yao."

"Za kawaida zipi, dada? Hizo walizovaa ndizo za kawaida."

"Kaka, si unanielewa?"

Alimwelewa. Angeweza kujitia hamnazo, lakini alimwelewa, na alipenda kazi yake. Akawakusanya watu mbele ya mashine ya kusaga, akawaeleza. Walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Kwa hiyo tukisikia unakuja, tukimbie," alisema mama yake.

"Mkimbilie nyumbani, mama. Mvae zile za zamani, mkae mlangoni mpaka wafike."

"Na aliye shambani?"

"Naye arudi. Mlango usio na mtu unarukwa."

Kicheko kilipungua. Na kweli, ziara iliyofuata jirani mmoja alikuwa kijitoni anafua, akaona uvivu kupanda. Nyumba yake ikarukwa. Walipewa godoro kila nyumba, yeye akaambulia kutazama ya wenzake. Tangu siku ile hakuna aliyethubutu. Honi ikilia, mtu anaacha jembe lilipo, anaacha chungu motoni, anaacha hata ugomvi katikati, mbio nyumbani.

Wakazipa nguo hizo jina: nguo za kupokelea. Kila nyumba ilikuwa nazo, zimetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Mama yake Tarumbeta alikuwa na gauni la kulimia, limetoboka kwapani na kwenye goti. Mkwe wake, yule mshona mapazia, alipoomba alizibe, bibi alimnyang'anya sindano. "Nikiziba hapa nitapewa nini?" alisema. Ilifika mahali akaacha kulivaa shambani, asije akalimaliza kabisa, na si yeye peke yake. Yaani watu wale walichimba viazi wamevaa makoti ya thamani, halafu wakapokea makoti mengine wamevaa matambara. Tarumbeta aliliona jambo hilo, akalicheka pamoja nao. Usiku mmoja mmoja kicheko kilimkaa kooni, ila asubuhi alikuwa ameshasahau.

Msimu uliofuata kampuni ilianza kujenga vibanda vya wageni juu ya kijiji. Ni vibanda vya mbao na vioo, vizuri mno, vyenye vibaraza vya kukalia mtu akitazama bonde lote huku anakunywa kitu cha moto. Ili bonde lionekane, miti ilikatwa. Ili vibanda vikae sawa, mlima ulichongwa kama mtu anavyokata ubavu wa mkate. Maji ya kijito cha juu yakaingizwa kwenye bomba. Wanakijiji hawakulalamika sana, kwa sababu ni kampuni hiyohiyo iliyoleta magodoro, na ni vigumu kumfokea mtu aliyekutandikia kitanda.

Kisha mlango wa mama yake ukaanza kugoma.

"Mlango umenenepa," alimwambia mwanawe. "Sijui unakula nini. Usiku nasikia unatafuna."

Tarumbeta aliazima randa akaukwangua upande wa juu mpaka ukafunga vizuri. Aliporudi na mzigo mwingine, umegoma tena. Akaukwangua tena. Mara ya tatu alikuta pembe moja imebana na pembe ya pili ina upenyo wa kupitisha mkono. Akasimama na randa mkononi, jasho likamtoka na baridi yote ile. Lori likipinda chesisi, cha kwanza kukataa kufunga ni mlango. Hilo kila dereva analijua. Mlango haukuwa na kosa lolote. Nyumba ndiyo iliyokuwa inavutwa.

Alitoka nje akaanza kuangalia. Sakafuni kwa jirani palikuwa na ufa ambao watoto walikuwa wakiingizia mbegu za mahindi kwa mchezo. Chemchemi ya wazee, ambayo hakuna aliyewahi kuiona imechafuka, ilitoa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mbuzi walikuwa hawataki kulala upande wa juu wa zizi, wanasongamana chini. Hakuna aliyekuwa na hofu. Watu walishazoea, na mama yake alikuwa ameshatunga kichekesho kuhusu mbuzi.

Akaenda kwa Meneja. Ofisi ya Meneja ilikuwa na zulia, feni iliyozunguka polepole na ukuta mzima wa picha za watu wanaotabasamu milangoni. Mama yake alikuwemo, pale katikati, goti linachungulia kwenye tundu la gauni. Meneja alikuwa mtu mcheshi. Hakumpandishia mtu sauti, na wafanyakazi walimpenda kwa hilo.

"Karibu, Tarumbeta. Mama hajambo?"

"Hajambo, bosi. Ila nyumba yake ndiyo haijambo kidogo tu." Akaeleza habari ya mlango, ya ufa, ya chemchemi. Alieleza vibaya, maana ulimi ulikuwa mzito mbele ya zulia lile. Alisema mlango mara nyingi mno.

Meneja alisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu. Halafu uso ukamchanua.

"Milango," alisema. "Unajua, hatujawahi kutoa milango. Ile yao ni ya mbao za kuokoteza, kweli inatia aibu. Tutatoa ya chuma, kila nyumba. Wageni watapenda, mtu akitoa mlango ni kitu kinachoonekana."

"Bosi, si mlango. Ni mlima."

"Mlima tutautazama. Nitamtuma mhandisi." Akasimama kumpa mkono. "Umefanya vizuri kuniambia. Watu wengine wangenyamaza."

Mhandisi, kama alitumwa, hakuna aliyemwona. Milango ilitumwa. Ilikuwa ya chuma, rangi ya bluu, na nembo ya kampuni katikati kama kidani. Tarumbeta ndiye aliyeipandisha kwa lori lake, akapiga honi kwenye kona ya mwisho, na watu wakatimua mbio kwenda kuvaa. Alimfungia mama yake mlango kwa mikono yake mwenyewe, akasaidiwa na fundi wa kampuni, fremu ikatiwa saruji, komeo likapakwa grisi. Mama aliugonga kwa ngumi ukalia. Akasema sasa hata kifo kikija kitabidi kibishe hodi. Wageni walitafsiriwa maneno yale, wakacheka, wakampiga picha. Tarumbeta naye alicheka, lakini roho ilikuwa juu.

Jioni ile kabla ya kushuka alimwambia, "Mama, njoo ukae kwetu. Mkweo ameshakuandalia chumba. Pazia ameshashona."

"Nikae mjini nikifanya nini? Niwe nahesabu magari?"

"Mlima unatembea, mama."

Bibi hakujibu kwa mzaha safari hii. Alitazama juu, kwenye vibanda vya vioo vilivyokuwa vinawaka jua la magharibi, akatazama miguu yake. "Najua," alisema. "Nausikia. Acha nivune viazi kwanza, baba. Nikishavuna, njoo unichukue. Siwezi kuacha chakula ardhini nikaja kuomba chakula kwa mkweo."

Tarumbeta akakubali. Mtu angemwambia nini mama yake? Akakubali, akashuka, na tangu siku ile alikuwa akiishi na mvua mkononi. Ikinyesha mjini anaamka. Isiponyesha mjini, anawaza labda inanyesha kule. Mke wake akawa anamkuta amesimama dirishani, anamrudisha kitandani.

Mavuno yalipowadia, mvua nayo ikafika, mapema na kwa kishindo. Ziara zilisimamishwa. Siku ya tatu ya mvua Meneja alimwita akamwambia apande peke yake na lori tupu, akateremshe kutoka vibandani magodoro, jenereta na vile vioo ambavyo havijafungwa.

"Unyevu," Meneja alisema. "Vitaharibika." Hakumtazama usoni.

Tarumbeta alielewa palepale. Kampuni ilikuwa inahamisha vitu vyake. Aliuliza, "Na watu, bosi?" Meneja akajibu kwamba suala la watu linashughulikiwa na mamlaka, yeye awahi kabla barabara haijaharibika. Tarumbeta hakuaga. Safari ile aliendesha lori kwa namna ambayo hajawahi kuendesha, akiwaza jambo moja: magodoro yatabaki, nyuma ya lori patajaa watu, mama yake atakaa mbele.

Alifika kona ya mwisho mchana. Hapo barabara ilikuwa imeshuka kama ngazi, lori lisingeweza kupita. Kijiji kilikuwa kimezibwa na ukungu, lakini juu yake aliweza kuona vibanda viwili vya mwanzo, na kibaraza cha kimoja kilikuwa kinaning'inia hewani, hakina kitu chini. Nguzo ya umeme ilikuwa imelala upande. Kijito kilichokuwa kikivuka chini ya barabara hakikuwa na maji kabisa, katikati ya mvua ile. Ukimya ule wa kijito, maji yamezibwa na udongo mahali huko juu, ndio uliomtisha kuliko vyote.

Simu haikuwa na mtandao. Njia ya kwenda juu kwa miguu ni ndefu kwa mtu mwenye haraka. Na mkono wake, ule mkono wa kulia uliokaa miaka kwenye usukani, ukakumbuka maana ya zamani ya honi. Shukeni. Akaikandamiza kwa nguvu zake zote. Sauti tatu zikapanda mlimani, zikagonga ukuta wa pili wa bonde, zikarudi. Akapiga tena. Akapiga akiita, shukeni, shukeni, mama shuka.

Upepo ukaja, ukungu ukafunuka.

Kijiji kilikuwa kitupu. Milango yote ya bluu ilikuwa imefungwa, hakuna moshi, hakuna mtoto. Furaha iliyomshika wakati ule haielezeki; alisema kwa sauti, peke yake garini, "Wameshatoka." Kisha akatazama ng'ambo ya kijito, kwenye mgongo wa pili wa mlima, ule mgumu wenye mawe ambao kampuni haikuwahi kuuchonga. Huko ndiko kuliko na mashamba ya viazi. Na huko ndiko walikokuwa wote, wakubwa kwa wadogo, wanawahi kuvuna kabla viazi havijaoza. Walikuwa salama. Walikuwa wamevaa makoti yao mazuri, mekundu na meusi na ya bluu kwenye udongo, na walikuwa wanatupa majembe.

Walikuwa wanakimbia kurudi nyumbani.

Wengine walimpungia mkono wakikimbia. Alipiga honi kuwazuia, nao wakaongeza mwendo. Alipiga tena, na aliyekuwa nyuma akamshika mtoto akambeba mgongoni ili wawahi. Ndipo akili ikamrudi. Alitoa mkono kwenye honi kama aliyeungua, akaruka chini, akapanda mlima mbio huku akipiga kelele ambazo mvua ilizimeza.

Waliokuja kwa njia ya chini alikutana nao. "Rudini," aliwaambia, "mlima unakuja." Wengine walidhani ni utani. "Leo mbona bila taarifa?" mmoja alimwuliza akihema, "wageni wako nyuma?" Tarumbeta akamkamata kifua cha koti akamgeuza kwa nguvu, akamsukuma kule alikotoka. Uso wake ulisema yaliyobaki, nao wakageuka, wakaanza kuitana. Lakini wa njia ya juu walikuwa wameshaingia kijijini. Mama yake alikuwa mbele yao. Kazi yake ilikuwa kuchambua viazi pembeni mwa shamba, hatua chache tu kutoka kwenye gogo la kuvukia, na siku zote honi ya mwanawe ikilia alipenda afike wa kwanza.

Aliliona koti la kijivu likiingia. Alimwona akivuta mlango wa bluu nyuma yake, kwa sababu mama yule hakuwahi kuvua nguo na mlango wazi, hata siku moja. Komeo likalia.

Alipofika mlangoni ardhi ilikuwa inatetemeka chini ya viatu, taratibu, kama lori linalosubiri kuondoka.

"Mama, toka."

"Nakuja, baba. Navua koti."

"Usivue. Toka ulivyo."

"Wakute nimevaa koti lao? Watasema bibi huyu anatuibia." Akacheka ndani. Kisha komeo likavutwa, na mlango haukufunguka. Ulisogea kidogo tu upande wa juu, ukabana. Bibi akasukuma. "Umenenepa na huu," alisema.

Tarumbeta alivuta. Alikanyaga ukuta kwa mguu mmoja akavuta kwa mikono miwili, akachukua jembe lililoegemea ukuta akaliingiza kwenye ule upenyo, mpini ukavunjika. Chuma hakikwanguliwi kwa randa. Fremu ilikuwa imepinda na saruji yake, na mtu aliyeifunga vizuri namna ile ni yeye. Vidole vya mama yake vilijitokeza kwenye upenyo wa juu, vina udongo wa viazi, akavishika.

"Wageni wamefika wapi?" mama aliuliza.

"Hakuna wageni, mama. Nimekuja mimi."

Vidole vyake vikakaza. Kisha sauti ikatoka, na ilikuwa sauti ya mtu aliyefurahi.

"Kumbe ni wewe tu," alisema. "Ungesema mapema, nisingevua koti."

Majirani wawili waliokuwa wamemfuata ndio waliomshika mkanda wa suruali wakamburuta. Alipigana nao, akamng'ata mmoja bega, na alama ipo mpaka leo. Walimfikisha kwenye gogo, na nyuma yao mlima ukashuka wote pamoja, na vibanda, na miti iliyobaki, na milango.

Walionusurika walikuwa wale aliowageuza njiani na wale waliochelewa kuvuka. Walilazwa kwenye mahema kando ya barabara. Wiki haikuisha, kampuni ikaleta msaada. Iliruhusiwa kuja na wageni, kwa kuwa wageni walioguswa hutoa zaidi. Tarumbeta alikuwepo, amekaa kwenye ngazi ya lori lake, hajaenda nyumbani. Alimwona dereva mpya wa gari la mbele akikata kona, akamwona akipiga honi kuwatahadharisha mbuzi. Ilikuwa honi ndogo ya kawaida, isiyo na nia mbaya.

Watu wote walisimama. Bila kuambiwa na mtu waliingia kwenye mahema kwenda kubadilisha nguo. Kisha wakatoka tena, mmoja mmoja, taratibu, wamevaa yaleyale makoti mazuri waliyokuwa wamevaa shambani, kwa sababu nguo za kupokelea zilikuwa zimebaki kwenye misumari nyuma ya milango, chini ya mlima. Hawakuwa na nyingine. Wakasimama mbele ya mahema wamejikunyata, wanaficha vifungo kwa mikono, wanaona haya mbele ya wageni. Dada wa Picha aliinua kamera, akaishusha, akageukia upande wa barabara.

Tarumbeta alifungua kisanduku cha zana akatafuta koleo.